Mionzi ya simu na saratani: neno moja limebeba mambo mawili

Mama yangu mdogo anaishi Muheza, na kwa miaka mingi simu yake imekaa mahali pamoja: ndani ya sidiria, upande wa kushoto, imeviringishwa kwenye leso pamoja na hela ya matumizi. Mwaka juzi, akiwa anaoga, aligusa kitu kigumu kwenye titi la upande huohuo. Hakumwambia mtu. Aliitoa simu kifuani, akaihamishia kwenye pochi, akangoja uvimbe uishe wenyewe.

Alikuwa na sababu yake. Kwenye grupu la familia ulikuwa umezunguka ule ujumbe ambao pengine na wewe umeupata, wenye mishale ya kusambazwa mara nyingi. Usiweke simu kifuani, inaleta kansa. Chaji ikibaki kijiti kimoja usipokee, mionzi inakuwa mara 1000. Pokea kwa sikio la kushoto, la kulia ni hatari kwa ubongo. Mama mdogo akaona chanzo kimeshajulikana, na chanzo kikiondoka ugonjwa nao utaondoka. Alingoja miezi minne. Binti yake alipogundua, kesho yake asubuhi walipanda gari kwenda hospitali. Akachomwa sindano, yakatoka maji. Ulikuwa uvimbe wa maji, na jioni alikuwa nyumbani kwake.

Namshukuru Mungu kwa yale maji. Ila miezi minne ni mingi mno kwa mwanamke mwenye uvimbe asioujua kwenye titi, na aliyemkalisha nyumbani muda wote huo ni maelezo ya nusunusu kuhusu simu. Kwa hiyo naomba tulifungue jambo hili taratibu, tuanze na maneno yenyewe.

Saratani, au kansa kama wengi tunavyosema, huanza pale seli za mwili zinapogawanyika bila kujizuia. Kila seli ina maelekezo yake, yale tunayoyaita vinasaba, yanayoiambia lini igawanyike na lini itulie. Maelekezo yakiharibika na mwili ukashindwa kuyarekebisha, seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, na baada ya miaka unakuwa uvimbe. Ili kitu kisababishe saratani, lazima kwa njia fulani kiyafikie maelekezo hayo, kiyavunje, au kivuruge namna yanavyosomwa.

Neno la pili ndilo lililotuchanganya: mionzi. Mgonjwa anayetibiwa saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam, tunasema anapigwa mionzi. Aliyevunjika mguu hupigwa picha ya mionzi. Bomu la Hiroshima lilitoa mionzi. Jua lina mionzi. Na simu, tunaambiwa, inatoa mionzi. Kiswahili hakijakosea hapo, kwa sababu hata wataalamu huviweka vitu hivi kwenye ukoo mmoja, ukoo wa nguvu inayosafiri kwa mawimbi. Lakini paka na simba nao ni ukoo mmoja, na hakuna anayejenga boma la miiba kumzuia paka.

Tofauti iko kwenye nguvu ya kila chembe moja ya mawimbi hayo. Fikiria embe bichi lililoshika sawasawa juu ya mti mrefu. Ukirusha jiwe likalipata, litaanguka. Sasa chukua punje za mchele, urushe moja moja. Rusha kilo, rusha gunia, rusha mpaka usiku: embe litabaki pale pale, kwa sababu hakuna punje hata moja yenye nguvu ya kukata kikonyo. Mionzi ya eksirei na ya madini ya urani ni mawe. Chembe yake moja inaweza kung'oa sehemu ya atomu na kukata uzi wa kinasaba. Mawimbi ya simu ni punje za mchele. Chembe yake moja ina nguvu pungufu karibu mara milioni moja ya ile inayohitajika kufanya uharibifu wa namna hiyo. Hata mwanga wa taa ya sebuleni kwako, chembe kwa chembe, unaizidi simu zaidi ya mara laki mbili. Mpaka kati ya mawe na punje uko kwenye sehemu ya mwanga wa jua tusiyoiona kwa macho, ile inayounguza ngozi, na ndiyo maana ndugu zetu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi kwa jua na hakuna anayeipata kwa taa.

Je, gunia la punje halifanyi kitu chochote? Linafanya. Linapasha joto. Jiko la maikrowevu hutumia mawimbi ya jamii hiyohiyo, ila kwa wati mia kadhaa zilizofungiwa ndani ya sanduku la chuma, wakati simu ya kisasa, hata ikijitahidi mwisho wa uwezo wake, hutoa sehemu ya wati moja tu. Mwaka 2008 ilizunguka video ya watu waliozunguka meza, wakaweka simu zao kuelekea punje za mahindi, zikaita, na bisi zikaruka. Lilikuwa tangazo la kampuni inayouza vifaa vya kusikilizia simu, na ilitengenezwa kwa ujanja wa kuunganisha picha. Simu hupandisha joto la ubongo kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja. Lile joto unalolisikia sikioni baada ya maongezi marefu linatokana zaidi na betri, na sikio kukosa hewa.

Ni kwa ajili ya joto hilo ndipo vikawekwa viwango. Hupimwa kwa wati zinazofyonzwa na kila kilo ya mwili: Ulaya simu haitakiwi kuzidi wati 2 kichwani, Marekani 1.6. Ukibonyeza *#07# kwenye simu nyingi utaona kiwango cha simu yako. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 kwa sababu kipimo cha simu ikiwa imeshikwa mkononi au iko mfukoni kilifika 5.74 wakati mwisho ni 4. Apple wakarekebisha programu. Huku kwetu watu walisoma habari ile kama uthibitisho wa kansa, ingawa kilichovunjwa ni kiwango cha joto, nacho kimewekwa chini sana ya pale madhara yanapoanza.

Mpaka hapo mtu angeweza kusema kesi imekwisha. Mimi sikubali kuifunga kwa hesabu za chembe peke yake. Mwili una mambo mengi, na vipo vitu vinavyoleta saratani kwa njia nyingine kabisa, bila mionzi. Pombe, kwa mfano, haina chembe yoyote ya mionzi. Ndiyo maana watafiti hawakuishia kwenye fizikia. Walikwenda kuwahesabu watu.

Hofu yenyewe ni ya zamani kuliko simu nyingi tulizowahi kumiliki. Mwaka 1993 mwanamume mmoja wa Florida, Marekani, alikwenda kwenye televisheni akasema mke wake amekufa kwa uvimbe wa ubongo uliosababishwa na simu. Alikuwa ameshashtaki. Mahakama ilitupilia mbali kesi hiyo kwa kukosa ushahidi, lakini swali lilishaingia duniani, na fedha za utafiti zikaanza kutoka.

Kisha ikaja Mei 2011. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tawi la Shirika la Afya Duniani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliwakutanisha wanasayansi 31 kutoka nchi 14. Walipomaliza, waliyaweka mawimbi ya simu kwenye kundi linaloitwa 2B, maana yake "huenda yanasababisha saratani kwa binadamu". Kesho yake vichwa vya habari vikalitupa neno "huenda". Ikabaki: shirika la afya lathibitisha simu inaleta kansa.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye fundo. Makundi ya Lyon hupima uzito wa ushahidi. Hayapimi ukubwa wa madhara. Wazee wa baraza wanaweza kuwa na hakika kabisa kwamba Juma aliiba yai, kwa sababu aliwaonyesha maganda. Wazee haohao wanaweza kumshuku Hamisi kwa ng'ombe aliyepotea, bila shahidi hata mmoja aliyemwona. Hakika ya yai hailifanyi yai kuwa kubwa kuliko ng'ombe, na shaka ya ng'ombe haimtoi ng'ombe zizini kwa Hamisi. Kundi la 1, la hakika, lina sigara, pombe, jua, sumukuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na tangu 2015 lina soseji. Sigara na soseji ziko kundi moja, wala hakuna daktari atakayekwambia zinaua sawa. Kundi la 2A, la "yaelekea", lina nyama nyekundu, moshi wa kuni ndani ya nyumba, na kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65. Kundi la 2B, waliko Hamisi na simu, lina dondoo ya jani zima la mshubiri na achari za mboga za kule Asia. Kahawa nayo ilikuwa humo kwa ajili ya saratani ya kibofu. Mwaka 2016 ushahidi ulipotazamwa upya ikatolewa.

Ni ushahidi gani uliowafanya wale 31 waseme "huenda"? Mkubwa ulikuwa utafiti uitwao Interphone, wa nchi 13, uliotoka 2010. Watafiti waliwatafuta wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo, wakatafuta na watu wazima wa afya wa kulinganisha nao, wakawauliza wote: ulitumia simu kiasi gani miaka iliyopita? Jibu likaja limepinda. Watumiaji wa kawaida walionekana kupata uvimbe kidogo kuliko wale ambao hawakuwa na kawaida ya kutumia simu, kana kwamba simu ni kinga. Lakini asilimia 10 waliosema waliongea kuliko wote, saa 1,640 na zaidi kwa jumla, walionekana kuwa na hatari ya kupata aina ya uvimbe iitwayo glioma iliyozidi kwa asilimia 40.

Usishangae matokeo hayo kwenda pande mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyeambiwa ana uvimbe kichwani hulala usiku akitafuta chanzo, na akiulizwa kuhusu simu atakumbuka kila alipoipokea, na sikio alilotumia. Mzima wa afya hujibu kwa kukisia. Baadhi ya wagonjwa walitaja saa nyingi kiasi ambacho watafiti wenyewe walisita kukiamini, zaidi ya saa tano za maongezi kila siku. Na kati ya wazima, wasio na simu wengi walikataa kuhojiwa. Kwa hiyo Interphone haikuwa uongo, ila kipimo chake kilikuwa kumbukumbu ya mwanadamu mwenye hofu, na wenyewe walioufanya walisema hivyo.

Njia bora ni kuanza na watu wazima wa afya na kuwafuata miaka. Denmark walichukua orodha ya wateja wa simu, wakailinganisha na daftari la taifa la saratani: watu zaidi ya 358,000 kwenye taarifa ya 2011, na ongezeko halikuonekana. Una kasoro utafiti huo. Uliangalia nani ana laini, haukuangalia nani anaongea, na walioandikishiwa simu na ofisi zao hawakuhesabiwa kama watumiaji. Uingereza waliwafuata wanawake 776,156, wakatoa majibu 2022, na waliotumia simu kila siku hawakupata uvimbe wa ubongo kuliko wasiotumia kabisa. Utafiti uitwao COSMOS ulirekebisha lile tatizo la kumbukumbu kwa kuomba rekodi za maongezi kutoka kampuni za simu zenyewe. Uliwafuata watu zaidi ya 250,000 wa nchi tano za Ulaya, na 2024 ukasema walioongea sana hawakutofautiana na walioongea kidogo. Mwaka huohuo yalitoka mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyokusanya tafiti 63 za miaka 1994 hadi 2022. Nayo hayakukuta uhusiano wa simu na saratani ya ubongo.

Kwangu mimi ushahidi mzito kuliko yote ni wa kuangalia tu daftari. Miaka ya mwanzo ya 1990 simu ya mkononi ilikuwa ya wachache. Leo iko mikononi mwa karibu kila mtu mzima. Kama ingekuwa inaleta saratani ya ubongo kwa kiasi cha kuogofya, nchi zenye madaftari mazuri kama za Skandinavia, Australia na Marekani zingeona mstari wa wagonjwa ukipanda nyuma ya mstari wa simu, kama saratani ya mapafu ilivyopanda nyuma ya sigara. Mstari huo umebaki karibu tambarare.

Panya nao wametajwa sana, na sitaki kuwaruka. Marekani, mpango wa serikali wa kupima sumu uliwaweka panya kwenye mawimbi ya simu za zamani za 2G na 3G tangu wakiwa tumboni mwa mama zao hadi umri wa miaka miwili, saa tisa kwa siku, mwili mzima. Kiwango cha chini kabisa kilikuwa sawa na kile cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwenye sehemu ya mwili wa mtumiaji wa simu, na kikapandishwa hadi mara nne. Matokeo ya 2018 yalionyesha uvimbe wa neva za moyo kwa baadhi ya panya dume. Panya jike hawakuonyesha hivyo kwa uwazi, wala panya wadogo wa nyumbani. Na madume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa. Mwaka 2025 mapitio mengine yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, ya wanyama peke yao, yaliupa ushahidi huo wa panya dume uzito mkubwa. Wapo wataalamu wanaopinga hitimisho hilo. Lyon nao wameshauriwa na kamati yao kulitazama upya faili la 2011. Kwa hiyo anayekwambia wanasayansi wote wamefunga mjadala anakudanganya, sawasawa na anayekwambia wamethibitisha.

Turudi kwenye ule ujumbe wa grupu, na kile kijiti kimoja. Juu ya kioo cha simu kuna alama mbili za karibu, ya chaji na ya mtandao. Chaji ikiisha, mionzi haibadiliki. Betri inayokufa haipati nguvu mara 1000. Mtandao ndio wenye neno. Simu hufanya kama mtu anayeongea na mwenzake: akiwa karibu hunong'ona, akiwa ng'ambo ya mto hupiga kelele. Vijiti vya mtandao vikijaa, simu hunong'ona. Vikibaki kimoja hupaza sauti, na tofauti inaweza kufika mara mia kadhaa. Nadhani aliyeanzisha ujumbe alisikia jambo la kweli, akaliweka kwenye alama isiyo yake. Suala la sikio la kushoto halina msingi wowote, kwani ubongo umekaa katikati ya masikio yote mawili.

Jambo hilohilo linaeleza minara. Nimeshuhudia mkutano wa mtaa ambapo watu walitaka mnara uhamishiwe mbali kwa hofu ya saratani, na niliwaelewa, hasa kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaeleza kitu kabla vyuma havijaanza kusimikwa. Lakini nguvu ya mawimbi hupungua haraka kwa umbali: ukienda mara mbili ya umbali inabaki robo, ukienda mara kumi inabaki sehemu moja ya mia. Taa kubwa ya uwanja wa mpira iliyo mbali haikuumizi kama tochi ndogo mbele ya jicho. Simu ndiyo tochi. Antena za mnara pia huelekeza mawimbi mbele, juu ya mapaa, kama mnara wa taa za meli pale pwani, ambao chini yake ni giza. Mnara ukihamishwa mbali, kila simu ya mtaa ule italazimika kupiga kelele zaidi, kichwani mwa mwenye nayo. Tanzania ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima mawimbi ya minara hiyo. Wakazi wana haki ya kuomba vipimo na kuonyeshwa namba.

Kuhusu 5G, iliyofanya watu Uingereza wachome minara mwaka 2020, hiyo ni punje zilezile za mchele. Pale inapotumia mawimbi mafupi zaidi hupenya ngozi kwa kina kidogo zaidi, si kikubwa. Stika za kuzuia mionzi zinazouzwa kwenye vibanda vya kava ni hela ya kutupa: ikiwa stika haizuii kitu umelipia picha, na ikiwa kweli inazuia, simu itapandisha nguvu ili isikike.

Na titi? Tafiti nyingi zilielekezwa kichwani kwa sababu huko ndiko simu hukaa wakati wa maongezi, na mpaka sasa hakuna uliothibitisha kwamba simu ya sidiria inaleta saratani ya titi. Mama mdogo nilimweleza hivyo. Akanijibu kwamba hata hivyo simu haitarudi pale, maana ilikuwa inamletea jasho. Nikamwambia ni sawa, ila uvimbe wowote mwingine ni hospitali wiki hiyohiyo, simu iwe kifuani au iwe kabatini. Akaniuliza tena ile habari ya vinywaji vya moto, kwa sababu chai yake huitoa jikoni na kuinywa ikiwa bado inafuka. Saratani ya koo la chakula imetanda upande wetu huu wa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na chini zaidi, na joto la vinywaji ni mojawapo ya mambo yanayochunguzwa kwa nguvu. Kuiacha chai mezani dakika kadhaa hakuna gharama.

Swali lake la mwisho lilikuwa la mjukuu, ana miaka minne na simu haimtoki mkononi. Hapo nilijibu kwa uangalifu. Upo utafiti wa nchi 14 uliowaangalia vijana wa miaka 10 hadi 24 wenye uvimbe wa ubongo, wapatao 900, na haukukuta hatari iliyoongezeka. Lakini watoto walioanza simu wakiwa na miaka minne bado hawajafika utu uzima, na uvimbe mwingine huchukua miaka mingi kujitokeza. Kwa hiyo akitaka kuongea na baba yake aliye Dar, aweke sauti ya nje, simu ikae mezani, mtoto akae kwenye mkeka. Umbali wa mkono mmoja tu unapunguza karibu yote yale yanayomfikia kichwani.